Kishikwambi na Dhamana ya Kufundisha

Shelui ipo chini ya mlima Sekenke, wilayani Iramba, pale barabara kuu itokayo Singida inapomaliza kuteremka na kushika nyanda za Wembere kuelekea Igunga na Nzega. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa enzi za Wajerumani, na sarafu za dhahabu zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati vita imewafungia njia ya bahari, zilitengenezwa kwa dhahabu hiyo. Wachimbaji wadogo wangali wanahangaika na vilima vile mpaka leo. Wafugaji wanafuata malisho, malori ya Mwanza na Rwanda yanapita usiku na mchana, na wakulima wa alizeti wanategemea msimu mmoja wa mvua ambao haujulikani utakuwaje. Katika kata ya namna hii watu hawatulii, na watoto huwafuata wazazi. Kwa hiyo swali la nani anamfundisha mtoto, na kwa kutumia nini, lina uzito hapa kuliko mahali ambapo mtoto huanza na kumaliza shule mbele ya walimu walewale na majirani walewale.

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viende kwa walimu. Mijadala mingi iliyofuata juu ya vifaa hivi mashuleni ni ya hesabu: vimefika vingapi, bando analipa nani, umeme upo au haupo. Ni maswali ya haki. Lipo hata hivyo swali lililoyatangulia, nalo ni la kifalsafa na, kwa watu wa dini, ni la kiimani pia: je, elimu ni shehena inayoweza kupakiwa ndani ya chombo na kukabidhiwa mtoto, au ni jambo linalopita kati ya watu, ambamo mmoja anachukua dhamana ya mwenzake? Msimamo wangu ni kwamba habari zinaweza kuhifadhiwa kwenye chombo, mazoezi yanaweza kutolewa na chombo, hata kosa linaweza kusahihishwa na chombo, na yote hayo ni mema. Kufundisha kunadai kitu cha ziada. Anayefundisha amekubali kwamba mtoto huyu asipojua, yeye ana la kujibu, kwa mzazi, kwa jamii, na kwa Mungu kama anamwamini. Kishikwambi hakina la kujibu kwa yeyote, na hicho ndicho kipimo ninachotaka kitumike kila tunapoamua chombo hiki kiwekwe wapi darasani.

Dini mbili zenye waumini wengi nchini mwetu zinaheshimu sana maandishi, na ndiyo maana ushahidi wao juu ya swali hili una nguvu. Waislamu wanajua kwamba wahyi wa kwanza ulikuja na amri ya kusoma, na kwamba aya za mwanzo zenyewe zinaitaja kalamu kuwa ndiyo Mungu aliyofundishia. Chombo kimepewa heshima kubwa tangu siku ya kwanza. Lakini mapokeo hayohayo yanasimulia kwamba malaika hakutupa amri ile na kuondoka. Alimkumbatia Mtume kwa nguvu mara tatu, na hakuna aliyepata kuona jambo hilo kuwa la pembeni. Wakristo nao wana ile habari ya Mhabeshi katika Matendo ya Mitume, Mwafrika aliyekuwa njiani ndani ya gari lake, ana chuo cha nabii Isaya mkononi na anakisoma kwa sauti. Alikuwa na chombo, alikuwa na ujuzi wa kusoma, na nafasi alikuwa nayo. Alipoulizwa na Filipo kama anaelewa, jibu lake lilikuwa kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, na Filipo akapanda akaketi naye. Ibn Khaldun, aliyeandika Afrika Kaskazini katika karne ya 14, alilisema kwa lugha ya mwanachuoni: ujuzi unaopatikana kwa kukaa na walimu ana kwa ana hujikita zaidi ndani ya mtu kuliko ule unaopatikana kwa njia nyingine, na ndiyo sababu wanafunzi walisafiri kuwafuata walimu.

Mtu wa sayansi ataniambia kwamba hayo ni masimulizi ya imani, na kwamba herufi ni herufi tu, iwe imefundishwa na mama, na shehe au na kioo cha simu. Kwa herufi anasema kweli. Tukitoka kwenye herufi mambo yanabadilika. Karibu kila kitu anachojua mtoto wa darasa la tano hakukithibitisha mwenyewe: kwamba dunia ni duara, kwamba malaria huletwa na mbu, kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Amekubali neno la mtu. Hilo si udhaifu wa watoto peke yao, maana hata mtu mzima aliyesoma sana anaishi hivyohivyo, na elimu yake kwa sehemu kubwa ni kujua neno la nani likubaliwe na kwa sababu gani. Wanazuoni wa hadithi walilielewa hili kwa kina: waliuliza kwanza habari imepokewa kutoka kwa nani, na huyo kutoka kwa nani, na kila mmoja katika mnyororo alichunguzwa ukweli wake na kumbukumbu yake. Mtoto anayefundishwa na mwalimu anaanza zoezi hilo bila kujua. Anamjua aliyesema, anaweza kumuuliza amelijuaje, anaweza kumkamata akikosea na kumwona akikiri. Mtoto anayejifunzia kwenye kioo peke yake anapokea maneno yasiyo na mwenyewe, na kesho kioo kilekile kitamletea uzushi wenye sura ileile na sauti ileile tamu. Atatumia kipimo gani? Tumemzoesha kupokea kabla hajajua kuuliza.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka nchini mwetu, na halikwepeki. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalifanyiwa majaribio mkoani Tanga. Vishikwambi viligawiwa kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170, vikiwa na programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao, karibu robo tatu, walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu, na mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo ya dola milioni 10. Hapakuwa na mwalimu. Basi dhamana ninayoizungumzia iko wapi?

Nakiri kwamba matokeo yale ni makubwa. Kwa mtoto asiye na shule kabisa, kishikwambi kile kilikuwa rehema, na anayekipinga kwa jina la falsafa anamnyima mtoto mkate kwa sababu si wa ngano safi. Ila tuyatazame vizuri. Kila kijiji kilihitaji kituo cha umeme wa jua na watu wazima wa pale pale kukilinda, na wazazi walioridhia. Nyuma ya kila somo walikuwepo watu waliokaa miaka wakipanga neno lipi litangulie lipi, na juu yao waliokuwa wakipima kama mtoto kweli amejua, kwa sababu tuzo ilitegemea kipimo hicho. Kwa miezi ile 15 watoto wale walikuwa na watu wengi waliojifunga kujibu kwa ajili yao, pengine kuliko watoto wa shule nyingi za kawaida. Na tukumbuke nusu nyingine, wale ambao miezi ilikwisha wakiwa bado hawasomi neno. Programu haikujua cha kuwafanyia zaidi ya kurudia. Mtu ndiye anayeweza kuuliza kama mtoto huyu haoni vizuri, kama ana njaa, kama lugha ya nyumbani ni nyingine, kama hutumwa kisimani saa za masomo.

Ushahidi mwingine wa Tanzania haujulikani sana kwa wananchi, nao naona unastahili kusomwa katika kila kikao cha bajeti ya elimu. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza pamoja na watafiti walifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi zinunue zinachohitaji. Za kundi jingine hazikupewa ruzuku, ila mwalimu aliahidiwa bahashishi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu stadi fulani. Za kundi la tatu zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu wa watoto. Bahashishi peke yake matokeo yake yalikuwa ya kusuasua. Vilipokutana, watoto walijifunza zaidi, na kwa kiasi kinachopita jumla ya vile viwili vikihesabiwa mbalimbali. Utasema bahashishi si dhamiri, na mwalimu anayefundisha kwa sababu ya shilingi 5,000 hajachukua dhamana yoyote. Ni kweli kwamba fedha haizai dhamiri. Kilichofanywa na mpango ule, hata hivyo, ni kufunga jina la mwalimu na jina la mtoto mmojammoja. Vitabu vipya vilivyonunuliwa kwa ruzuku bila kifungo hicho vilikuwepo tu shuleni. Sioni kwa nini vishikwambi viwe na bahati tofauti na vitabu.

Linabaki jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaolisema wana haki. Mwalimu ninayemsifu mara nyingi hayupo. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2014 katika shule za msingi Tanzania ulikuta kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwamo madarasani wakati wa ukaguzi wa kushtukiza, ingawa wengi wao walikuwa palepale shuleni. Na mwalimu aliyepo, tangu sera ya elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016 na watoto wakafurika, anaweza kukutana na darasa linaloupita mbali ule uwiano rasmi wa watoto 45. Tena anaweza kuwa na fimbo, maana kanuni bado zinaruhusu viboko. Kishikwambi hakipigi. Hakimcheki mtoto anayegugumia, hakimwiti mjinga mbele ya wenzake, kinarudia mara ya ishirini kwa sauti ileile ya mara ya kwanza. Mtoto mwenye hofu anapumua mbele yake. Hilo ni jema la kweli na mwalimu anapaswa kulionea wivu. Lakini subira ya chombo haikigharimu kitu. Mtoto anaposubiriwa na mtu ambaye angeweza kuchoka, ambaye ana mambo mengine na bado amekaa, anajifunza pamoja na silabi kwamba kusoma kwake kuna thamani kwa mtu mwingine. Ninaamini mtoto huhisi tofauti hiyo mapema sana. Dawa ya mwalimu mkali au mtoro ni kumrudisha kwenye dhamana yake, kwa kumsimamia, kumlipa vizuri na kumpunguzia idadi ya watoto. Tukimpa mtoto kioo ili tusimshughulikie mwalimu, tumeruhusu utoro uwe utaratibu.

Taifa hili liliwahi kulitatua fumbo hili kwa chombo cha zamani zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio na ikawafikia watu wazima wapatao milioni mbili, idadi kubwa mno kwa nchi maskini ya wakati ule. Redio haikuachwa iseme na mtu mmojammoja nyumbani kwake. Watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na vijitabu vya kusomea. Baada ya kipindi walijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti kutoka Dar es Salaam ilikuwa moja, lakini katika kila kijiji alikuwepo mtu anayejulikana ambaye angeulizwa choo kiko wapi.

Kwa Shelui, basi, kishikwambi kikae kwanza mkononi mwa mwalimu, na kazi yake ya kwanza iwe kumjua mtoto. Masomo ya video yafuate baadaye. Mwalimu wa darasa la pili aandike humo, kila wiki, nani amekwama kwenye silabi zipi na nani ameacha kuja. Mtoto wa mchimbaji anapohamia machimbo mengine, au wa mfugaji anapovuka Wembere, taarifa zile zimfuate mpaka kwa mwalimu atakayempokea, zikiwa na jina la aliyeziandika na namba yake, ili mpokeaji ampigie kuuliza. Sasa hivi mtoto anayehama katikati ya muhula anafika akiwa mgeni kabisa, na miezi inapita kabla mtu hajagundua kwamba hasomi. Kuandika hivyo kunahitaji mwalimu apunguziwe fomu nyingine anazojaza kwa ajili ya ofisi, na kunahitaji afisa elimu kata afungue orodha ile na kuuliza habari za mtoto mmoja kwa jina, shule kwa shule. Chombo cha kazi hiyo tayari kipo mikononi mwa walimu wengi, na hata bila bando la kila siku kinaweza kuifanya.