Herufi Huishi Wapi?

Kwenye kompyuta ya Linux, amri fc-list hutaja fonti ambazo mfumo unazijua, pamoja na njia ya kila faili; nyingi hukaa ndani ya /usr/share/fonts. Je, hapo ndipo ilipo herufi "a"?

Mwanafalsafa Plato angekataa. Kwake, vitu vinavyoonekana ni vivuli vya umbo moja lisilooza, na kweli Unicode, orodha ya namba za herufi, huipa "a" namba, U+0061, bila kuichora.

Aristotle, mwanafunzi wake, alishikilia kwamba umbo hukaa ndani ya vitu vyenyewe. Jibu hili ndilo zito zaidi, kwa kuwa herufi haionekani bila fonti ya kuichora. Fonti ikikosekana, amri fc-match huonyesha ile itakayoshika nafasi yake. Anayeandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, fonti zake zote zikikosa herufi fulani, huona visanduku vitupu: namba ipo, neno halisomeki.