Je, Yafaa Kubadili Mwisho wa Hadithi za Msiba kwa Ajili ya Watoto?

Liko swali ambalo walimu na wazazi huulizana mara kwa mara: kitabu cha mtoto chaweza kumalizika kwa kifo cha mtu mwema? Wengi hujibu upesi kwamba haifai, kwani mtoto ni mchanga na moyo wake ni laini. Nataka kulipima jibu hilo kwa hadithi moja inayotuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki kuliko tunavyodhani.

Katika Ulaya uko mchezo uitwao opera, ambao wachezaji wake aghalabu hawasemi bali huimba tangu mwanzo hata mwisho, na vinanda na tarumbeta nyingi huwafuata. Tarehe 24 Desemba 1871 opera iitwayo Aida, iliyotungwa na Mwitalia Giuseppe Verdi, ilichezwa mara ya kwanza mjini Kairo. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, aliyetekwa akawa mtumwa wa binti Farao, wala Wamisri hawakujua ukoo wake. Akapendana na Radames, jemadari wa majeshi ya Misri. Baba yake, naye alipokwisha kutekwa, akamshurutisha amwulize Radames njia watakayopita askari. Radames akaitaja, siri ikatoka, naye akahukumiwa kuzikwa yu hai. Alipokwisha kufungiwa kaburini akamkuta Aida humo gizani, amejificha ili wafe pamoja.

Leontyne Price, mwimbaji mweusi wa Marekani aliyeimba sehemu ya Aida kwa miaka mingi, aliisimulia hadithi hii katika kitabu cha watoto kilichotolewa mwaka 1990 pamoja na picha za Leo na Diane Dillon. Mwisho hakuubadili. Nasema alifanya vema.

Wako waliofanya kinyume. Mwaka 1681 Mwairishi Nahum Tate alichukua mchezo wa Shakespeare wa Mfalme Lear, ambamo binti mwema Cordelia hufa, akaugeuza: Cordelia akaishi na kuolewa. Mchezo ule mtamu ulitawala majukwaa ya London kwa miaka zaidi ya 150. Na waliopewa utamu huo walikuwa watu wazima! Lakini Charles na Mary Lamb, walipowaandikia watoto hadithi za Shakespeare mwaka 1807, walimwacha Cordelia afe.

Ebu na tuitazame nchi yetu. Mtoto wa Vigwaza hahitaji kitabu kumfundisha kwamba watu hufa. Amekwisha kusimama makaburini, amesikia kilio usiku, amemwona mama yake akifunga khanga kwenda matangani. Tukimpa vitabu ambavyo kila mwema hupona, hatumfichi kifo, bali twamwambia kwamba kitabu hakijui analolijua yeye. Tena tusisahau Bagamoyo. Misafara ya watumwa ilishukia hapo, na tangu mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwakomboa wengi, watoto wakiwamo. Lakini waliokombolewa walikuwa wachache kuliko waliopelekwa ng'ambo wasirudi. Aida ni mateka. Mwenye kumpa mwisho wa furaha asema kwamba mateka hurudi kwao, na wale wasiorudi huwafuta mara ya pili.

Najua nitakalojibiwa na Mkristo: "Sisi nasi twawaonyesha watoto picha za mateso ya Bwana, lakini baada ya Ijumaa iko Pasaka, Aida hana siku ya tatu." Neno hili ni zito, wala sitaki kulikwepa. Lakini na tufungue Waamuzi, sura ya 11. Binti Yeftha hakufanya kosa lo lote. Alitoka kumlaki baba yake kwa matari na michezo, na nadhiri ya baba ikamwangukia. Hakuna malaika aliyeuzuia mkono. Maandiko hayakumfariji msomaji. Yalisema tu kwamba binti za Israeli walikuwa wakienda kila mwaka kumwombolezea siku nne. Hawakupewa mwisho mwingine, walipewa maombolezo, na kwa hayo msichana yule hakusahauliwa.

Walakini sisemi kwamba kila msiba ni wa kila umri. Iko opera nyingine, Madama Butterfly, ya mwaka 1904, ambamo mwanamke wa Japani aliyeachwa na baharia hujichoma kisu. Hiyo mimi sitampa mtoto wa darasa la tatu, wala sitamtengenezea mwisho mwingine, nitangoja akue. Kunyamaza kwa kitambo ni ulezi, kusema uongo ni jambo jingine. Na hata kwa Aida, mchoraji aangalie sana asilipambe kaburi likawa kama chumba cha arusi, mtoto akaona kufa kwa mapenzi ni jambo la kutamaniwa.

Yako mapungufu ambayo kitabu hakiwezi kuyaepuka: wimbo haumo. Katika opera uchungu huja umebebwa na sauti nzuri. Wazee wetu nao walijua hivyo. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, ambayo Edward Steere aliipiga chapa mwaka 1870, paka wa Sultani hula watu, hata wana wa Sultani mwenyewe. Ndugu yao akaenda kumtafuta, na kila auapo mnyama humwimbia mama yake, na mama humjibu kwa wimbo kwamba siye. Penye wimbo wasikilizaji huitikia, na wakiitikia hofu hugawanyika kati yao. Mtoto akipewa kitabu akakisome peke yake pembeni, hofu yote huwa yake. Kwa hiyo kurasa za mwisho za kitabu cha namna hii na zisomwe kwa sauti, mtu mzima akiwa ameketi karibu, na mtoto aachwe aulize kama kule kaburini mlikuwa na giza sana.