Kaptula Mbili

Asubuhi moja nilimkuta mwanangu anavaa kaptula ya michezo, kisha juu yake akavaa ya shule. Nikadhani ana mechi. "Hapana baba, leo tutachelewa." Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetangaza hali ya hewa.

Tunakaa Kibamba kwa ndani, upande wa Hondogo, na shule iko mbele kidogo kwenye Barabara ya Morogoro. Saa kumi na mbili kituoni wanafunzi ni wengi kuliko abiria wa nauli kamili, na hesabu ya konda ni ile ile kila siku: mwanafunzi anakaa nafasi ya mtu mzima kwa nauli pungufu. Gari linasimama hatua ishirini mbele ya kundi, watu wazima wanakimbia, watoto wanabaki. La pili hivyo hivyo. La tatu linaondoka na wanne wananing'inia mlangoni. Getini, saa moja na dakika kumi, yupo mwalimu wa zamu na fimbo ya mpera. Kosa la konda, kiboko cha mtoto.

Niseme ukweli, nilicheka. Enzi zangu mimi nilikuwa naweka daftari.

Baadaye kicheko kile kilinikaa vibaya. Miaka thelathini na kitu imepita kati ya daftari langu na kaptula yake, na katika miaka yote hiyo fimbo imewafundisha watoto wa ukoo wetu jambo moja kwa uhakika, namna ya kujikinga na fimbo. Kuwahi shule hakukuwa mikononi mwetu hata kidogo.

Sheria yenyewe si kali kama tunavyodhani. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, kama yupo. Na kila adhabu inatakiwa kuandikwa kitabuni: nani, kosa gani, viboko vingapi, na nani kachapa. Ukisoma kanuni hizo utadhani viboko nchini ni vya kuhesabu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, wakishiriki UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na wataalamu wa afya wa Marekani, ulionyesha vingine: zaidi ya nusu ya vijana waliohojiwa walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18.

Walimu nao niwatetee kidogo. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja mbele ya watoto mia hana vifaa vingi vya kuleta utulivu. Ndiyo maana nilivutiwa na kazi ya Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe, DUCE, na wenzake wa Ujerumani. Waliandaa mafunzo ya siku tano na nusu kwa walimu wa sekondari za serikali, na matokeo wakayachapisha mwaka 2018. Wanafunzi hawakufundishwa nidhamu hata kwa saa moja. Waliokaa darasani ni walimu, na sehemu mojawapo ya mafunzo iliwataka wakumbuke walivyochapwa wao: walijisikiaje, walijifunza nini. Sehemu nyingine ilikuwa ya vitendo, nini cha kufanya mtoto akichelewa, akipiga kelele, akiwa na msiba nyumbani na hasemi. Miezi mitatu baadaye, katika shule zilizopata mafunzo, ukatili ulikuwa umepungua kuliko katika zile ambazo hazikupata. Walimu walisema hivyo, na wanafunzi wao wakasema hivyo hivyo.

Jirani zetu wa Uganda walikuwa wametangulia. Katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, nusu zilipewa mpango wa mwaka mmoja na nusu ulioandaliwa na shirika la Raising Voices. Mwishoni, katika shule ambazo hazikupewa, karibu watoto 49 katika kila 100 walisema wamepigwa na mwalimu au mfanyakazi wa shule wiki iliyopita. Katika zilizopewa walikuwa 31. Bado ni wengi, tena kwa wiki moja tu! Lakini ni pungufu kwa watoto kumi na wanane katika kila mia.

Mafunzo yakifanikiwa hivyo, tunapenda kuamini kwamba mtu akielezwa vizuri atabadilika. Mwanza walilijaribu hilo kwa uangalifu mkubwa. Mradi wa Mema kwa Vijana ulianza mwaka 1999 katika jamii kumi, na nyingine kumi zikabaki za kulinganisha: masomo ya afya ya uzazi kwa darasa la tano hadi la saba, waelimishaji rika, zahanati zilizofundishwa kuwapokea vijana. Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008 wakakuta vijana waliopitia mradi bado wanayajua mambo kuliko wenzao. Maambukizi ya virusi vya Ukimwi, hata hivyo, hayakutofautiana. Nawaheshimu sana watu wanaofanya kazi miaka karibu kumi kisha wakachapisha matokeo ya namna hiyo bila kuyapaka rangi.

Kujua peke yake hakutoshi, na hilo nililiona karibu zaidi. Nina shangazi anakaa Kwembe, anauza vitumbua stendi, na ana presha. Mwezi mmoja nilimsindikiza kliniki, mahali sitapataja. Nesi akapima, akatazama kadi, akasema kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho: "Bibi, wewe ni mbishi. Ukipata kiharusi usitulaumu." Shangazi akainamisha kichwa. Ziara iliyofuata alijibu haraka kwamba dawa anameza vizuri, kila siku. Daktari akamwamini, akaona dozi haitoshi, akamwongezea.

Nilimuuliza njiani. Kidonge kimoja kinamkojoza asubuhi nzima, na pale anapouzia choo ni cha kulipia, tena akiondoka hana wa kumwachia karai la moto. Kwa hiyo siku za biashara hakimezi. Haukuwa usahaulifu wala ubishi. Alikuwa na sababu ya kueleweka kabisa, na hakuna aliyemuuliza. Yale majibu yake ya haraka yalikuwa kaptula mbili.

Wapo waliouliza. Shinyanga, watafiti waliwafuata watu walioanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi huku nyumbani chakula hakitoshi. Wengine walipata ushauri wa lishe peke yake. Wengine waliongezewa chakula, au fedha, kama shilingi 22,500 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi sita, ilimradi wafike kliniki. Baada ya miezi sita, waliokuwa wamepata dawa zao karibu bila pengo walikuwa 63 katika kila 100 kwa ushauri peke yake, 79 kwa chakula, na 85 kwa fedha.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, mzee wa kanisa, alikunja uso. "Yaani mtu alipwe kwa kumeza dawa yake mwenyewe?" Swali lake lina uzito, na sikutaka kulipuuza. Wema wa kununuliwa tumefundishwa kuutilia shaka. Nikamuuliza kibarua wa Shinyanga akienda kliniki siku nzima, nani analipa ile siku. Akanyamaza, kisha akasema hilo ni jambo jingine. Mimi naona ndilo jambo lenyewe. Fedha ile haikununua wema wa mtu. Ilimlipia nauli ya kuufikia.

Bado sijui kama nina haki ya kumbadilisha mwenzangu tabia. Kwa mwanangu ninayo, nadhani. Lakini hata kwake, mabadiliko ya kwanza yalinihusu mimi: sasa naondoka nyumbani nusu saa mapema, nasimama naye kituoni, na konda akiniona nimemshika mkono anampakia bila neno. Kaptula ya michezo imerudi kabatini. Watoto wengine kumi na tano wanabaki pale pale.

Kikao cha wazazi kijacho nitanyoosha mkono niulizie kile kitabu cha adhabu kinachotajwa na kanuni: kipo? Kimeandikwa nini mwezi huu? Na wewe mzazi unayesoma, kaulizie cha kwenu.