Kivuli ni cha Nani?

Tumesoma vitabu vitatu vya kwanza vya Earthsea, alivyovitunga Bibi Ursula K. Le Guin wa Marekani kati ya 1968 na 1972. Ni hadithi za visiwa ambako uchawi hufundishwa shuleni, na mwenye kujua jina la kweli la kitu aweza kukitawala.

Katika kitabu cha kwanza, kijana Ged, kwa kiburi cha kumshinda mwenzake, amwita mfu. Kumbe, atokea na kivuli kibaya. Ged akikimbia, kivuli chapata nguvu. Mwisho amgeukia adui huyo, amwita kwa jina. Jina gani? Ged, jina lake mwenyewe.

Sisi je? Msiba ukiingia nyumbani, upesi twauliza: nani ameroga? Na wajane, hata watoto wadogo, wamefukuzwa kwa sababu ya neno hilo. Hatusemi kwamba kila msiba ni kosa letu. Ugonjwa una asili yake. Lakini chuki inayotafuta mtu wa kulaumiwa, hiyo ni yetu. Basi, tuiite kwa jina lake kabla ya kumtaja jirani.