Je, Kunyamaza ni Kughushi?

Mtu anaweza kughushi bila kutamka neno?

Chukua pikapu kuukuu inayobeba vitunguu kutoka Mubuku hadi Bwera. Klachi yake ni ya oili. Raba za silinda ya chini, kwenye giaboksi, zimechoka: oili inavuja, hewa inaingia, pedali inazama, gia zinakwaruza. Ongeza oili, kanyaga pedali mara kadhaa, itakuwa ngumu na gia itaingia. Mnunuzi akijaribu saa hiyo, ataridhika. Angefunua kifuniko cha silinda ile angekuta unyevu.

Wapo wanaosema alijaribu mwenyewe, hakudanganywa. Sikubali. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta majimaji ndani, muuzaji alijitetea kwa mvua. Hakuulizwa alisema nini. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Wanazuoni wa fiqhi nao humpa mnunuzi hiari ya kurudisha chenye kasoro iliyofichwa.

Kuongeza oili kwenyewe si kosa. Huenda mwenye gari hana fedha za raba wiki hii. Fundi je, aliyeiona kasoro na anajua gari linauzwa kesho? Naona naye anadaiwa neno, hata na mnunuzi asiyemlipa shilingi.