CHUO KIPI, NA KWA AJILI YA NANI?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatokapo, nyumba nyingi hujaa furaha, na mara furaha hiyo hufuatwa na mashauri mazito. Kijana amefaulu; je, aende chuo kipi? Akitaka kuwa daktari au mhandisi, shauri ni jepesi kidogo, maana kazi yenyewe yajulikana. Lakini yuko kijana atakaye kujifunza siasa, falsafa na uchumi. Huyo huwashangaza wazazi wake. Nao, wasipojua masomo hayo yana faida gani, hupima chuo kwa ukubwa wa jina lake tu, au kwa wepesi wa karo yake tu. Sisi twaona kwamba vipimo hivyo viwili havitoshi, tena kwamba shauri hili si la fedha peke yake, bali ni la dhamiri.

Na tutazame kwanza masomo yenyewe. Huko Dakawa, kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma, yako mashamba ya mpunga ya hekta zipatazo 2,000, yanyweshwayo maji ya Mto Wami. Zamani yalikuwa ya shirika la serikali; baadaye yakawa ya wakulima katika ushirika wao. Maji hayo hayaji yenyewe, huvutwa kwa pampu za umeme, na umeme una bei. Mwenye elimu ya uchumi atauliza: magunia mangapi yatosha kulipia maji, na mkulima atabakiwa na nini? Mwenye elimu ya siasa atauliza: ni nani aamuaye mfereji upi ufunguliwe kwanza, naye ataondolewaje akipendelea ndugu zake? Mwanafalsafa atauliza: mjane aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya ugonjwa, je, ni haki akatiwe maji sawasawa na mtu mvivu?

Maswali hayo matatu hayatengani. Aliye na swali la kwanza peke yake ataufunga mfereji wa mjane, na kusema kwamba hesabu imekubali. Aliye na la pili peke yake atajua kupata kura za wanachama, asijue maji yatalipiwa na nini. Na aliye na la tatu peke yake atawahurumia wote mpaka pampu zizimwe, ndipo mpunga wa wote ukauke, hata ule wa mjane. Basi, kijana achague chuo ambacho elimu hizo zitaonana na kusahihishana.

Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Oxford kimekuwa kikizifundisha elimu hizo tatu katika shahada moja tangu miaka ya 1920. Mwalimu Julius Nyerere hakusoma Oxford. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada yake mwaka 1952. Lakini katika masomo yake huko mlikuwamo uchumi, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Aliporudi alifundisha katika shule ya Pugu, na mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua baina ya ualimu na siasa, aliuacha mshahara. Hatusemi kwamba Edinburgh ndiyo iliyompa moyo huo, maana wapo waliosoma ng'ambo wakarudi na majivuno tu. Twasema kwamba alijifunza mambo yamfaayo mtu atakaye kutumikia watu.

Hapa kwetu, mwanafunzi aghalabu atayakuta masomo haya yamegawanyika katika shahada mbalimbali, naye itampasa ayakusanye mwenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa kitivo cha sheria, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mzumbe, karibu na mji wa Morogoro, kilianza mwaka 1953 kuwa shule ya watumishi wa serikali za mitaa, kikawa chuo kikuu mwaka 2001, na hata leo utawala ndio sifa yake. Jordan, papo hapo Morogoro, kilitokana na chuo cha falsafa na teolojia cha Wasalvatoriani. Labda msomaji angetazamia gazeti hili limwambie achague chuo cha Kanisa. Hatusemi hivyo. Jina la mtakatifu mlangoni halimfanyi mwalimu kuwa hodari.

Tena, hakuna chuo kimfundishacho mtu kwa lazima kwamba anadaiwa na wenzake. Mwezi Oktoba mwaka 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa baada ya masomo. Mamia walirudishwa makwao, na Rais mwenyewe akapunguza mshahara wake kwa sehemu moja ya tano. Kila mtu aamue nani alikuwa na haki. Lakini swali lao lingali nasi: aliyesomeshwa ana deni gani?

Liko deni liandikwalo, kama lile la Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Na liko deni lisiloandikwa, ambalo ni zito zaidi. Baba auzapo shamba lake la mpunga ili mwanawe aende chuo cha mbali chenye jina kubwa, hali kile cha karibu kingemfundisha vema, wadogo zake ndio wanaolipa. Na mara nyingi ni msichana, pengine hodari kuliko kaka yake, abakiaye nyumbani. Kijana hupata shahada, hupata na ofisi. Nyumbani wanangoja shamba lirudi. Siku moja bahasha inawekwa juu ya meza yake. Mtu aliyejifunza haki kwa miaka mitatu anaona kwamba hana uwezo wa kuitenda.

Mtatuambia kwamba jina kubwa hufungua milango. Ni kweli, wala hatulidharau. Ufadhili ukipatikana, kijana na aende mbali, hata Ulaya. Lakini tusiuze kesho ya watoto wanne ili mmoja apate cheti cha kutundika ukutani.

Karibu na mashamba hayo ya Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alikufa kwa ajali ya gari akitoka Dodoma. Mwaka huohuo chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilipewa jina lake. Watu walimheshimu kwa kazi aliyoitenda, bila kuuliza alisoma wapi.

Basi, wazazi wapendwa, kabla ya fomu kutiwa saini, keteni pamoja na mtoto wenu mkaulize mambo matatu. Je, chuoni atasoma vitabu vyenyewe, aandike na kusahihishwa, au atanakili tu maneno ya mhadhiri? Je, atakutana na wasiofikiri kama yeye, abishane nao pasipo ugomvi? Je, atatoka huko akiwa huru kukataa bahasha? Chuo kitakachojibu vema maswali hayo ndicho chake, hata kama jirani hajapata kulisikia jina lake.