Mbuga Isiyo na Ng'ombe Si Pori la Bure

Ukitoka Singida mjini kwenda Babati utapita Katesh, chini ya Mlima Hanang. Upande wa Basotu, ng'ambo ya mlima huo, kuna nyanda ambazo habari yake inatuhusu sana sisi tunaopanua mashamba ya alizeti kila msimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, NAFCO, shirika la umma la kilimo, lilianza kulima ngano huko kwa msaada wa Canada. Nia ilikuwa njema: nchi ijitosheleze kwa ngano. Mashamba yakafika saba, jumla yapata ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji wa huko.

Kosa lilianzia kwenye kutazama. Kwa miezi kadhaa ya mwaka hapakuonekana ng'ombe wala boma, ikadhaniwa kuwa ni pori lisilo na mwenyewe. Kumbe malisho yalikuwa yamepumzishwa. Wabarabaig walilisha kwa zamu: mvua zikinyesha walishusha mifugo kwenye mbuga zenye rutuba, maji yakikauka waliondoka, nyasi zikapata nafasi ya kuota tena. Eneo lililochukuliwa lilikuwa dogo ukilinganisha na wilaya nzima, lakini ndilo lililonenepesha ng'ombe.

Dalili zilijitokeza mapema. Mifugo ilibanana kwenye malisho yaliyobaki, zamu ikavurugika, nyasi nzuri zikapungua na maziwa yakapungua. Mapito ya kwenda kwenye maji yalizibwa na ngano, na mfugaji aliyekatiza shambani alitozwa faini. Hata makaburi ya wazee, yale ya vilima vya udongo wanayoyaita bung'ed, yalipitiwa na matrekta. Ndani ya mashamba yenyewe, mvua kubwa zilisomba udongo uliolimwa, yakachimbika makorongo. Wanakijiji wa Mulbadaw, kijiji kimojawapo cha huko, walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu hiyo. Trekta zikaendelea kulima.

Katika miaka ya 1990 Canada ilijitoa, na NAFCO ikadhoofika. Baadaye baadhi ya mashamba yalirudishwa kwa wananchi, lakini nyasi zilizong'olewa kwa miaka ishirini hazirudi kwa barua.

Ndugu zangu, tusiseme hilo lilikuwa kosa la wakubwa na wafadhili tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haigawiwi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wenye mkutano huo ni mimi na wewe. Mtu akisimama kuomba "ile mbuga iliyokaa bure" alime alizeti, ni rahisi sana kunyoosha mkono, hasa kama bei ya mbegu ni nzuri mwaka huo.

Basi tuulize kwanza: nani hulisha hapa, na mwezi gani? Akiondolewa atakwenda wapi? Ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa? Tuwaite wafugaji, hata wa kijiji jirani, watembee nasi watuonyeshe mipaka ya malisho yao, kisha tuyaandike kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kabla ya shamba jipya kupimwa. Mkulima naye ana faida hapo, kwa kuwa samadi ya shamba lake inatoka kwa ng'ombe haohao.

Usinyooshe mkono kugawa mbuga kabla hujamsikia mwenye mifugo.